Zilipendwa na Nani?

Oktoba 2024 rapa wa Marekani, Tyler, the Creator, alitoa wimbo unaoitwa "Noid". Kama uliusikia, bila shaka unakumbuka lile gitaa linalokwaruza kama msumeno na zile sauti zinazoitikia kwa lugha ambayo mashabiki wengi wa Marekani hawakuijua. Sikio la Mswahili lilishtuka kidogo, kwa sababu maneno yale yanakaribia kueleweka. Ni Kinyanja, lugha ya jirani. Gitaa na sauti zile ni za Ngozi Family, bendi ya Paul Ngozi wa Zambia, katika wimbo "Nizakupanga Ngozi" uliomo kwenye albamu yao ya 1977, 45,000 Volts. Paul Ngozi alifariki mwaka 1989. Vijana wengi wa Afrika Mashariki walilazimika kumsubiri kijana wa California ndipo walisikie gitaa lililopigwa ng'ambo tu ya mpaka wa Tunduma.

Baada ya hapo likaja neno tulilolizoea: muziki huu "umegunduliwa upya". Nina ugomvi na neno hilo, kwa sababu halisemi aliyeupoteza ni nani. Lakini nina ugomvi mkubwa zaidi na neno letu wenyewe, tunalolitamka kwa upendo kila Jumapili redioni, kwenye kumbi na kwenye sherehe za wazee wetu. Neno hilo ni zilipendwa.

Litazame kwa macho ya mwalimu wa sarufi. Zi-li-pend-wa. Wakati uliopita, kauli ya kutendwa, na mtendaji hatajwi. Mapenzi yamekwisha, na aliyependa hajulikani. Tumechukua muziki wa vizazi viwili, tumeufunga kwenye neno moja lenye harufu ya nondo, kisha kila wiki tunatoa humo nyimbo zile zile ishirini, tunazipangusa vumbi, tunazirudisha. Kijana anayesikiliza anaelewa ujumbe bila kuambiwa: hizi ni za baba na mama, si zako, huna la kuongeza. Mtangazaji anataja jina la bendi na jina la wimbo. Nani alipiga besi? Ilirekodiwa wapi, mwaka gani? Wimbo huu ulitangulia na upi kwenye santuri, na ukafuatwa na upi? Hatuambiwi. Zilipendwa ni kabati, na kabati hilo lina milango myembamba. Kinachoingia ni dansi la Kiswahili lenye magitaa ya rumba na kisa cha mapenzi au mafunzo. Chochote kilichokwenda kombo na kipimo hicho kilibaki nje, kikalowa.

Mfano wangu ni albamu moja. Inaitwa Ave Africa, ya 1976, kazi ya bendi ya Sunburst ya Dar es Salaam. Hawa walikuwa vijana waliotoka zaidi ya nchi moja, wakakutana katika mji uliojaa wageni, wapigania uhuru na wanafunzi. James Mpungo aliimba, Hembi Flory Kongo alipiga gitaa, na mtindo wao waliuita kitoto. Waliimba kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Katika rekodi zao za miaka hiyo kuna "Simba Anguruma", kuna "Enzi za Utumwani", kuna "Black Is Beautiful", kuna "Let's Live Together". Majina hayo manne yakipangwa tu kwenye karatasi yanaonyesha bendi iliyokuwa inajaribu kusema mambo mengi kwa pamoja: historia, ngozi, siasa ya bara zima, na hamu ya kawaida kabisa ya vijana kutaka kuchezesha watu. Muziki wenyewe unafanya hivyo hivyo. Ngoma inakwenda mwendo wa soul, gitaa linapasuka kama la roki, halafu ghafla unasikia vidole vya Kikongo vikitembea kwenye nyuzi za juu. Hakuna mahali panapoitwa Magharibi na pengine panapoitwa Afrika. Kuna chumba kimoja chenye watu waliosikia kila kitu.

Uliwahi kusikia hata wimbo mmoja kati ya hizo kwenye kipindi cha zilipendwa? Mimi sijawahi. Ave Africa ilirudi sokoni mwaka 2016 kwa mkono wa lebo ya Strut ya London, ikiwa pamoja na nyimbo walizorekodi Radio Tanzania na zile zilizotoka kwenye sahani ndogo. Miaka 40 ilikuwa imepita.

Tunapenda kusema kwamba mambo kama haya husahaulika, kana kwamba kusahau ni mvua, inanyesha tu. Sikubali. Kusahau huku kuna tarehe. Novemba 1969 mkuu wa mkoa wa Pwani alipiga marufuku muziki wa soul katika madansi ya Dar es Salaam. Mwaka huo huo Umoja wa Vijana wa TANU ulikuwa katikati ya Operesheni Vijana, ukiwawinda wasichana waliovaa sketi fupi na mawigi na wavulana waliovaa suruali za kubana. Mwaka 1973 Radio Tanzania ikaacha kupiga muziki wa kigeni. Lengo lilielezwa kwa maneno mazuri, nami siyadharau: nchi changa ilitaka sauti yake. Na marufuku hayo yalifungua mlango pia. Bendi za nyumbani zilipata muda wa hewani ambao zisingeupata kamwe kama zingeshindana na Uingereza na Marekani, na vijana waliokatazwa soul wakaipiga kwa Kiswahili, ndani ya studio ya serikali ile ile. Lakini mlango huo ulikuwa na bawabu. Kuanzia hapo kila gitaa lililonguruma lilitakiwa lijieleze: wewe ni wetu au ni wa kigeni? Muziki unaoulizwa swali hilo kila siku huchoka.

Tarehe nyingine ni Februari 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka huo na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, haukufunguliwa mpaka 1983. Kwa watu wa siasa hiyo ni habari ya ndege na reli. Kwa wanamuziki ilikuwa habari ya santuri. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi zilitegemea Nairobi. Nyumbani studio ya Radio Tanzania ilirekodi kwa ajili ya kutangaza, na kanda ikabaki rafuni. Ndiyo maana nchi yenye bendi nyingi namna ile ilitoa albamu chache namna hii. Tunazungumza kuhusu albamu zilizopuuzwa. Zetu nyingi hazikupata hata nafasi ya kuwa albamu. Ziko kwenye kanda, wimbo mmoja mmoja, zikisubiri mtu mwenye ufunguo.

Zambia walipita njia nyingine, na ulinganisho unafundisha. Rais Kaunda naye alitaka redio ipige muziki wa nyumbani, asilimia 95 kwa simulizi inayorudiwa mara nyingi. Vijana wa miji ya shaba, waliokua wakisikiliza Rolling Stones na Jimi Hendrix, waliitikia agizo hilo kwa kutengeneza roki yao wenyewe. Haikukatazwa kwa sababu ilipigwa na Wazambia. Bendi iliyojulikana kuliko zote iliitwa WITCH. Mwimbaji wao, Emanuel Chanda, mashabiki walimpa jina la Jagari kwa kumfananisha na Mick Jagger. Sikiliza Lazy Bones!!, albamu yao ya 1975. Ni albamu ya roki iliyokamilika kuanzia upande wa kwanza hadi wa pili, yenye "Black Tears", "Motherless Child" na "Strange Dream". Gitaa la Chris Mbewe linalia, linakasirika, linanyamaza kwa wakati wake. Sauti ya Jagari haipigi kelele; inakuja pole pole kama ya mtu anayezungumza na nafsi yake baada ya watu kuondoka. Ukiisikiliza bila kujua imetoka wapi utaiweka pamoja na albamu nzuri za roki za mwaka huo popote duniani. Ukijua imetoka wapi utajiuliza kwa nini hukuambiwa.

Nao waliangushwa na mambo yenye majina. Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 1970 na fedha za kwenda kwenye dansi zikaanguka nayo. Vita vya Rhodesia vikaleta hali ya kutotembea usiku. Kisha ukaja UKIMWI. Wenzake Jagari wa kikosi kile cha kwanza wote walikuwa wametangulia mbele ya haki miaka ya 2000 ilipoanza. Yeye alifundisha muziki, akachimba vito. Lebo ya Now-Again ya California ilipozitoa upya rekodi za WITCH, akapanda tena jukwaani, Ulaya na Marekani, na mwaka 2023 akatoa albamu mpya, Zango, akiwa na kizazi kingine cha wanamuziki. Hadithi hii husimuliwa kama ngano yenye mwisho mwema, na kwa mzee mmoja ni mwema kweli. Kwa watano waliolala makaburini si ngano.

Sasa nigeukie upande wa pili, maana mshtakiwa si redio yetu pekee. Wakusanyaji wa santuri wa Ulaya na Marekani wamefanya kazi ambayo sisi hatukuifanya. Wametafuta wanamuziki, wamesafisha kanda, wameandika vijitabu vyenye picha na majina. Wapo waliolipa vizuri, na mwenye chuki na ukweli huo ana chuki na shukrani. Lakini nao wana kabati lao lenye milango myembamba. Wanachokitafuta ni gitaa la kukwaruza, ngoma ya funk na ikiwezekana maneno ya Kiingereza, kwa sababu mnunuzi wao anataka kumsikia Hendrix aliyezaliwa Ndola. Kilichofanana na rumba waliona kimeshajaa sokoni. Kilichokuwa na maneno mengi ya Kiswahili kilihitaji msikilizaji anayejua Kiswahili. Kwa hiyo tunakatwa mara mbili: kabati la nyumbani linatupa roki, kabati la ng'ambo linatupa maneno. Kazi zilizokuwa na vyote viwili, na hizo ndizo zenye ujasiri zaidi, zinaanguka katikati.

Mchukue Patrick Balisidya. Kila mtu wa rika la wazazi wetu anaujua "Harusi", na redio inahakikisha kwamba "Harusi" ndiyo yote utakayoijua. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1970 Balisidya na Afro 70 walirekodi albamu nzima na Archimedes Badkar, kundi la Sweden lililokuwa likichanganya roki, jazi na muziki wa dunia. Albamu hiyo inaitwa Bado Kidogo. Hapo kuna Mtanzania aliyekutana na Wazungu kama fundi na mafundi wenzake, miaka kadhaa kabla Paul Simon hajakwenda Johannesburg na dunia ikashangilia. Wapenzi wa Archimedes Badkar wanaihesabu kama tawi la hadithi ya Sweden. Wapenzi wa zilipendwa hawaihesabu kabisa. Balisidya alifariki mwaka 2004. Jina la albamu yenyewe limekuwa kama jibu la ofisini: njoo kesho, bado kidogo.

Najua pingamizi linalokuja, kwa sababu nimelisikia kutoka kwa watu ninaowaheshimu. Wanasema bendi hizi ziliiga. Sunburst waliiga soul, WITCH waliiga Waingereza, Slim Ali wa Mombasa na Hodi Boys wake waliimba Kiingereza kama Wamarekani weusi, Matata wakatoka Nairobi kwenda kutoa albamu za funk huko London. Kwa nini tuhangaike na nakala wakati asili ipo?

Kama kuiga ni kosa, tuanze kesi kwa haki. Rumba tunayoiita yetu ilitufikia kwenye santuri za Kyuba, zile za HMV zenye herufi GV, kuanzia miaka ya 1930. Taarabu ya Unguja iliitazama Kairo kwa miaka mingi, mpaka kwenye mpangilio wa vinanda na fidla. Hatusemi dansi ni nakala ya Havana wala taarabu ni nakala ya Misri. Tunasema watu wetu walipokea, wakakaa nayo, wakaipika upya mpaka ikawa ladha ya nyumbani. Kwa nini kijana aliyepokea santuri ya Havana aitwe msanii, na mdogo wake aliyepokea santuri ya James Brown aitwe kasuku? Tofauti pekee ni kwamba wa kwanza alipewa miongo mitatu ya kukosea na kurekebisha. Wa pili alipewa miaka saba, marufuku, mpaka uliofungwa na redio iliyomtazama kwa jicho la pembeni. Na ndani ya miaka hiyo saba bado alituachia Ave Africa.

Wapo pia wanaosema: yaacheni yaliyopita, vijana wana muziki wao. Hao wanadhani jambo hili ni la kumbukumbu. Ni la fedha pia. Mkataba wa kimataifa wa TRIPS wa mwaka 1994 unataka rekodi za sauti zilindwe kwa angalau miaka 50. Piga hesabu kwa kipimo hicho. Rekodi ya 1975 kinga yake inafika mwisho wa 2025. Ya 1976, mwisho wa 2026. Ya 1977, mwaka unaofuata. Mtunzi wa wimbo ana kinga yake nyingine, ndefu zaidi, inayohesabiwa tangu kifo chake, lakini mpiga besi, mpiga ngoma na aliyemiliki kanda wanaona saa yao ikiishia. Hiki ndicho kipindi ambacho watengeneza biti wa dunia nzima wamegundua kwamba huku kwetu kuna hazina. Tutakapokuwa tumemaliza kubishana kama Sunburst ni wetu au si wetu, rekodi zao zitakuwa za yeyote mwenye kompyuta. Familia ya mpiga ngoma haitapigiwa simu, kwa sababu hakuna aliyeandika jina la mpiga ngoma.

Ndiyo maana majina si mapambo. Mirabaha hufuata majina. Nchi isiyojua nani alipiga nini haiwezi kudai chochote kwa niaba ya mtu yeyote. Kanda za Radio Tanzania ziko mikononi mwa TBC, na jambo la kwanza ambalo umma ungestahili kupata si hata muziki wenyewe. Ni orodha: bendi gani, wimbo gani, tarehe gani, akina nani walikuwamo studio siku hiyo. Orodha haihitaji mitambo ya gharama. Inahitaji watu wanaojua kusoma maandishi yaliyofifia kwenye maboksi, na wazee wachache ambao bado wanaweza kusema, "Huyo aliyepiga kinanda alikuwa fulani." Wazee hao hawatatusubiri.

Na lebo za ng'ambo zinazotoa upya kazi zetu zinastahili kuulizwa maswali ya kibiashara, bila unyenyekevu. Kijitabu kinachoeleza historia ya bendi iliyoimba Kiswahili kwa nini kisiwe na Kiswahili? Santuri ya bendi ya Dar es Salaam kwa nini iuzwe Berlin na Tokyo, na Kariakoo isipatikane hata kwa njia nafuu ya kidijitali yenye malipo halali? Majibu yanaweza kuwa mazuri. Lakini hatutayajua mpaka tuulize, na mpaka sasa tumekuwa tunashukuru tu.

Kwako wewe msomaji mwenzangu wa rika hili sina ombi la heshima kwa wazee. Heshima ndiyo iliyoujaza muziki huu vumbi. Tunaupigia makofi bila kuusikiliza, tunauita dhahabu bila kuupima. Nakuomba uupe kile unachowapa wasanii wa leo bila kuombwa, yaani ubishi. Tafuta Ave Africa. Tafuta Lazy Bones!!. Sikiliza albamu nzima kwa mpangilio waliouweka wenyewe, bila kuruka, ukiwa huna kazi nyingine mkononi. Halafu sema unachofikiri. Mimi naona "Simba Anguruma" inastahili kuwekwa kwenye orodha yoyote ya nyimbo kubwa zilizotoka Dar es Salaam, na niko tayari kupingwa. Kama kwako ni mbaya, sema ni mbaya, na useme kwa nini: ngoma imechelewa, mwimbaji amelazimisha, wimbo umerefushwa bure. Andika hivyo, taja majina, taja mwaka. Mwenzako atakuja kukujibu, naye atalazimika kuisikiliza ili akujibu.

Sunburst walikuwa vijana walipopiga haya, rika lako hasa. Hawakurekodi ili wapendwe na baba zetu kisha wafungiwe. Walirekodi wakidhani kuna mtu upande wa pili atakayesikia, akasirike au acheze, na kesho yake aulize hao ni akina nani.